Mlango wa Pikapu ya Mzee Ebeneza

Mdogo wangu Sila ana mkono mwepesi, na huo mkono ndio uliomponza. Nasema mapema kwa sababu watu wa hapa Lyamkena wana maneno mengi. Wengine wanasema amerogwa, wengine pombe. Sila hanywi hata togwa iliyolala. Mimi ni dada yake, cherehani yangu iko mlangoni mwa chumba kile kile anachofanyia kazi, kwa hiyo niulizeni mimi.

Kazi yake ilikuwa kusafisha picha za magari. Madalali wa Makambako wanapiga picha gari bovu, wanamletea, naye anakaa kwenye kompyuta na kulipendezesha. Anaondoa kutu, ananyoosha bodi iliyobonyea, taa iliyopasuka anaipachika nzima, rangi iliyopauka inakuwa nyekundu ya kung'aa. Gari lililokuwa kwenye matope nyuma ya gereji unaliona limesimama juu ya lami, mbele ya hoteli. Picha inarushwa kwenye makundi ya simu, na mtu wa Songea anapanda basi kuja kulitazama. Akilikuta lilivyo, dalali anamwambia picha ni ya zamani kidogo. Nilikuwa naichukia kazi ile, na nilikuwa nasema. Sila ananijibu, "Dada, mimi siuzi gari. Mimi nalinyoa ndevu tu."

Dalali mmoja, Kasimiri, ndiye aliyemtia tabia mbaya kuliko zote. "Picha ya kwanza ifute nikiwa hapa hapa," alikuwa akisema, na anasimama nyuma ya kiti mpaka aone imefutwa kwenye kadi ya simu inayotunza picha na kwenye kompyuta, isije ikamfikia mnunuzi. Miaka minne ilikwenda hivyo. Ikafika mahali Sila hafikiri tena. Akimaliza picha, kidole chenyewe kinaifuta ya kwanza, kama mtu anavyorudishia mlango akitoka.

Basi mwaka juzi, mwezi wa sita, baridi ile inayouma masikio, akaja Mzee Ebeneza. Ni mkulima wa viazi wa upande wa Igwachanya, mzee wa kanisa, na siku hiyo alivaa koti refu na miwani mizito. Nilimwamkia, akaitikia, akatoa leso mfukoni. Ndani ya leso mlikuwa na kadi ya simu, ndogo kama ukucha.

"Mna picha moja tu humo," alimwambia Sila. "Naomba iwe kubwa, ya kutundika ukutani. Daktari ameniambia nina presha ya macho. Yanaondoka, na yakishaondoka hayarudi. Nataka niitazame kabla hayajaisha."

Sila akaifungua. Ilikuwa pikapu ya zamani ya kijani, imeegeshwa kando ya shamba, hakuna mtu. Mlango wa dereva ulikuwa umechubuka vibaya. Mzee hakueleza zaidi, na sisi hatukumuuliza. Wazee wetu wa Kibena hawamwagi mambo ya nyumbani mbele ya watu wasiowajua. Akasema anakwenda kutafuta mbolea, atarudi saa kumi.

Sila alimhurumia. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba alimhurumia. "Huyu mzee tumpe kitu kizuri," alisema, akakaa saa tatu akiitengeneza ile pikapu bila kuombwa. Aliipaka rangi, akaondoa kutu, akaulainisha ule mlango mpaka ukang'aa kama sahani iliyooshwa. Kisha kidole kikaifuta ya kwanza. Na mimi mwenye mdomo nikaongeza langu: "Kadi imebaki tupu. Mjazie mzee nyimbo za kwaya, asikilize macho yakigoma." Sila akaijaza pomoni.

Saa kumi mzee akarudi. Aliishika picha kwa mikono miwili, akaisogeza mpaka ikakaribia kugusa pua. Kidole chake kikatembea juu ya mlango, kikaenda, kikarudi.

"Maandishi yako wapi?" akauliza.

"Maandishi gani, baba?" Sila akasema.

"Hapa. Mlangoni."

Nilisimamisha cherehani. Mzee alikaa kwenye benchi la wateja, na ndipo akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo kanisani.

"Nilikuwa na binti, Priska. Alikuwa darasa la kwanza, ndiyo kwanza amejua kuandika jina lake. Akachukua msumari, akaliandika kwenye mlango wa gari langu. Nilimkuta amefika kwenye K. Nilimchapa kabla hajaweka A. Wiki ya tatu akashikwa na kichomi, tukamzika. Daftari lake tuliliweka humo humo na yeye, mama yake alitaka hivyo. Ule mlango sikuupaka rangi miaka kumi na moja. Gari lilipokufa kabisa, mpwa wangu aliipiga hiyo picha kabla watu wa vyuma chakavu hawajalikata. Hakuna nyingine."

Sila alitafuta kwenye kompyuta mpaka jasho likamtoka, kwenye baridi ile. Kesho yake tukaipeleka kadi Njombe mjini, kwa fundi anayeitwa Anthony, mtu anayefufua vitu vilivyofutwa. Alihangaika siku nzima. Akatoa kipande cha mbingu na paa la pikapu. Chini ya hapo ni kijivu kitupu.

"Nyimbo zimeikalia," Anthony alisema.

Nilitoka nje nikalia kama mtoto. Nyimbo zile nilizichagua mimi.

Toka hapo Sila hakuwa Sila. Alimkatalia Kasimiri kufuta, Kasimiri akaenda kwingine, na madalali wenzake wakamfuata. Siku hizi anapiga picha za pasipoti. Muda uliobaki aliutumia kuandika jina la mtoto asiyemjua. Anaandika kwenye kompyuta, juu ya mlango wa ile pikapu ya pichani, anachapisha, anapanda Kosta kwenda Igwachanya kumwonyesha mzee. Mzee anaitazama kwa subira, halafu anatikisa kichwa.

"S aliigeuza," alimwambia mara moja. Mara nyingine akasema, "K yake ilikuwa na mguu mfupi." Tena akasema, "Hapana, kijana. Hii umeiandika kwa utulivu. Yeye alikuwa anaharakisha, alijua nakuja."

Ndipo Sila akamchukua binti yangu Elina, aliyekuwa darasa la kwanza, akampa msumari na kipande cha bati, akamwambia andika PRISK haraka haraka. Akaipiga picha, akaipachika kwenye mlango. Mimi niliona amepata. Mzee aliitazama muda mrefu kuliko zote, akairudisha.

"Huyu ni mtoto mwingine," alisema. "Mwacheni na jina lake."

Nilimwambia Sila, basi, inatosha. Hakunisikia.

Mwezi uliopita alitengeneza nyingine, akaiwekea fremu na kioo, na mimi nikafuatana naye, maana nilimwona amekonda. Tulimkuta Mzee Ebeneza amekaa kwenye jua mbele ya nyumba. Dorosela, mkewe, alikuwa kando yake akipukuchua mahindi. Sila akamwamkia, akamwekea picha mikononi.

Mzee akapitisha kiganja juu ya kioo, polepole, toka upande huu mpaka huu. Akaielekeza kwenye jua.

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo yenyewe. Mkono wake huu."

Sila akapiga magoti pale pale kwenye vumbi, akalia kwa sauti. Mzee akanyoosha mkono, akakosa, akanyoosha tena mpaka akalipata bega lake.

"Umeipata, mwanangu. Sasa pumzika."

Alikuwa ameishika picha kichwa chini, magurudumu yanatazama juu. Sila aliliona hilo alipoinua uso, nami nilikuwa nimeliona. Mama Dorosela aliweka ungo wa mahindi chini, akaichukua ile picha kutoka mikononi mwa mumewe, akaingia nayo ndani kuitundika.