Sauti Iliyoshindwa Kuvuka Uchochoro

Mwanangu, nakumbuka alasiri moja kuliko siku zote nilizopigiwa makofi. Ngoja kwanza nikueleze hayo makofi yalitoka wapi, maana ukiniona hapa Mazwi nimejikunyata jikoni na sweta mbili kwa baridi hii, hutaamini.

Shule niliishia darasa la nne. Masista walinisikia kanisani, wakamwambia mwalimu mmoja mgeni, naye akanichukua mpaka Ulaya kuimba opera. Opera ni mchezo wa jukwaani, ila watu hawasemi, wanaimba tu. Mtu akiomba maji ya kunywa anaomba kwa kuimba, na mpaka aletewe ameshachomwa kisu. Noti za muziki sikuzijua, nilishika kwa masikio. Nikaimba huko miaka mingi, hadi nikaletewa habari kwamba mama anaumwa na hana wa kumpikia uji. Nikarudi.

Sasa sauti ile ukiiacha bila mazoezi inakufa. Asubuhi ya kwanza nilisimama sebuleni, nikafungua kifua, nikaimba wimbo wa mwanamke anayeagana na mumewe. Sikuumaliza. Mlango ulifunguka, wakaingia akina mama wa mtaa mzima, kanga viunoni, huyu na kuni kichwani, huyu na unga wa ulezi kwenye ungo, wengine wameshaanza kulia. Kwetu mtu akifiwa hatumi mjumbe. Sauti ikipanda vile, watu wanaacha walichoshika wanakuja.

"Jamani, ametutoka?" akauliza Mama Oresta, jirani yetu wa ng'ambo ya uchochoro.

Mama akajibu kutoka kitandani, "Bado nipo. Lakini huo unga usirudi nao."

Wakacheka hadi wakakaa chini. Mimi sikucheka. Niliona haya, na haya ikageuka hasira. Nikawaambia ile ni kazi yangu, watu wa Ulaya wananyamaza kuisikiliza, na wasiniingilie ndani tena. Kicheko kikakatika. Mama Oresta akachukua ungo wake.

"Haya, mwimbaji," akasema. "Tumekusikia."

Na kweli walinisikia. Nikawa naimba kila asubuhi, wakati mwingine na jioni, hakuna aliyegeuza shingo. Watoto waliniigiza wakipita na ndoo. Mimi nilikwenda sokoni, nikanunua dagaa wa Kirando (dagaa wa siku hizo, mwanangu, walikuwa na nyama, hawa wa sasa ni macho matupu), nikarudi, nikafunga mlango. Kuwa mgeni Ulaya sikushangaa. Kuwa mgeni nyumbani kwa mama yangu kulinikausha.

Basi ile alasiri. Upepo ulikuwa unapiga mabati. Mama aliniomba nimwinulie mto. Nilipogeuka na mto mkononi, alikuwa ameshakwenda.

Nililia, mwanangu. Nililia kwa sauti yote niliyozaliwa nayo na yote niliyofundishwa. Dirishani nilimwona Mama Oresta anapepeta maharage. Aliinua kichwa. Nikasema sasa anakuja. Akasikiliza kidogo, akamwambia binti yake, "Leo anaimba kwa uchungu kweli," akaendelea kupepeta.

Utaniuliza kwa nini sikutoka. Nilifika mlangoni. Uchochoro wenyewe ng'ombe wawili hawapishani. Nikaona nitabishaje hodi kwa mtu niliyemfukuza na unga wake? Ndugu wengine walikuwa mbali, kijijini Kate, na simu hazikuwepo. Nikarudi, nikakaa na mama hadi kukachwa, na kukapambazuka tumekaa hivyo hivyo.

Saa yangu ya kuimba ikapita. Ndipo nikasikia hodi ya Mama Oresta.

"We binti, leo mbona kimya? Unaumwa?"

Nilimpisha, akamwona mama. Akanishika mabega.

"Jana ile... jana ulikuwa unalia?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Sauti yako inafika Ziwa Tanganyika, ukashindwa kuvuka uchochoro? Kuvuka tu, mwanangu!"

Kisha akatoka nje akapiga yowe, na mtaa ukajaa. Unga ukaja, kuni zikaja. Makaburini waliimba, nami nikaimba katikati yao, chinichini, nikimfuata Mama Oresta ambaye sauti yake ilikuwa kama debe. Kwaya yetu ya mtaa ilianzia pale, na mwalimu wake ni mimi mpaka leo.

Humo kuna waendesha bodaboda, wauza mitumba, wakulima wa mahindi, wa msikitini na wa kanisani. Opera hawaijui. Ila kabla sijainua mkono, natazama nani hayupo, na mmoja anakwenda kwake kumwangalia. Vijana wananung'unika: "Bibi, si tumpigie tu simu?" Nawaambia, simu haioni kitanda. Nenda. Mazoezi yanachelewa, na yachelewe.

Mama Oresta naye tumeshamzika. Siku hiyo niliimba kwa sauti yote, na kila mtu alijua kwamba nalia. Nyumba yake wamenunua wengine, wamejenga ukuta wenye chupa juu. Vijana wa sauti ya kwanza wamehamia Mbeya na Dar. Jioni naimba kidogo hapa jikoni, kisha nanyamaza, nasikiliza.

Kwa hiyo, mwanangu, wewe uliyepanga chumba na kuziba masikio kwa nyimbo za simu, jua jina la jirani yako kabla hujafikwa na jambo. Mtu akikukimbilia na unga kwa makosa, pokea unga, mkaribishe akae. Na yule uliyezoea kumsikia hadi humsikii tena, simama uende ukamwangalie.

Mungu akupe sauti ya kukutosha. Na asubuhi utakayonyamaza, akuletee mtu wa kubisha hodi.