Paa la Ikulu ya Lugwisha

Wapwa zangu, haya ninayowaandikia hamtayaamini, na sitawalaumu. Ningeyasikia kwa mtu mwingine ningemwambia anywe maji akalale. Lakini mimi ni Onesmo, niliyeishia darasa la sita baada ya mwalimu kuishiwa mambo ya kunifundisha, na yote niliyaona kwa macho haya mawili.

Ni habari ya shemeji yangu Klara, mjane wa kaka yangu. Wenye adabu humwita Mama Mayala.

Ikulu ya Ntemi Lugwisha, mtawala wetu wa zamani, ipo hapa kijijini, na ambaye hajaiona sijui anangoja nini. Pale Kolandoto, hospitali, niliwahi kuona kalenda yenye majumba ya wafalme wa Ulaya, mawe juu ya mawe, minara imechongoka kama sindano. Mazuri, sikatai. Ya kwetu ni msonge mmoja wa miti, udongo na nyasi, lakini ingia katikati utazame juu: fito zinazunguka, zinazunguka, zinapungua mpaka zinakuwa jicho dogo linalokutazama wewe. Mlango ni mfupi makusudi. Ntemi alitaka kila mtu aingie ameinama, tajiri na maskini, na asiyeinama nyumba humkumbusha kwenye paji la uso.

Ufunguo anao Klara. Babu yake ndiye aliyemwezekea ntemi, na Klara akiwa binti mdogo ndiye aliyekuwa akimpelekea babu nyasi. Mpaka leo anasiriba zile kuta kwa udongo na samadi, anafagia, na anafukuza mbuzi wangu kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Sasa, mvua za mwaka jana zililitoboa paa. Na hapo hapo ikaja barua kutoka wilayani kwamba watu wa utamaduni watakuja kuitazama ikulu, waone kama inafaa kuingizwa kwenye orodha ya mahali pa kutembelewa. Mihayo, mpwa wangu anayenunua dhahabu kwa wachimbaji kule Geita, akaleta lori la mabati ya bluu. Mtoto mzuri, alitaka kusaidia. Mkutano wa kijiji ukakubali. Mimi nilinyoosha mikono yote miwili, maana aliniahidi mabati yatakayobaki.

Klara akasimama. "Mihayo mwanangu, ukiweka bati pale, wageni watakuja kuangalia nini? Ghala?"

Akaomba siku tisa, kwa kuwa wageni walikuwa wanafika siku ya kumi. Paa la nyasi lisipokamilika, alisema, Mihayo apigilie mabati yake na yeye atarudisha ufunguo.

Siku tisa, nyumba kubwa vile. Tulicheka, na mimi ndiye niliyecheka kwa sauti zaidi. Hatukujua anakoelekea. Jioni ile alikwenda kwa watu wa ngoma ya Bagika, akawaambia kwamba wapinzani wao Bagalu wamejisifu kwamba wataezeka upande wa mashariki kabla Bagika hawajapata hata kamba. Kisha akaja kwetu Bagalu na maneno yale yale, ameyageuza tu. Mnajua ngoma zetu hizi mbili zinavyoshindana tangu enzi za mababu. Alfajiri watu walikuwa wameshafika na mizigo ya nyasi kichwani, kila upande na nyimbo zake za kuutukana upande wa pili. Sijawahi kuona kazi inakimbia hivyo. Kwamba hakuna aliyejisifu, na kwamba shemeji alituchezea sote, tulikuja kugundua baadaye kabisa.

Siku ya nane kila upande ulikuwa umemaliza, na kila upande unadai umeshinda. Ndipo tukatazama juu. Bagika walikuwa wamerundika nyasi nene kupita kiasi, sisi tumebana sana, na pande mbili zimekutana kileleni kama mafahali wawili: katikati pengo, unaona mwewe anapita. Kilele hakuna aliyekifikiria. Bagika wakasema ni cha Bagalu, sisi tukasema ni chao. Ukweli, hakuna aliyejua kukifunga. Siku ya tisa ikafika tukiwa bado tunabishana. Mawingu yalikuwa yanapanda kutoka ziwani, na Mihayo alikuwa ameshika nyundo.

Klara akavua ndala, akajifunga khanga, akachukua mzigo wa nyasi. Wazee wakaanza kunong'ona kwamba mwanamke hapandi paa la ntemi.

"Anayejua kukifunga apande yeye," alisema. "Mimi nitamshikia ngazi."

Hakuna aliyesogea. Akapanda. Umri ule, magoti yale! Akapunguza nyasi za Bagika, akaongeza za kwetu, akasokota kilele mzunguko kwa mzunguko kama anayesuka nywele za mtoto asiyetulia. Mvua ilimkuta amebakiza vipandio vitatu kufika chini. Tukaingia ndani wote tumeinama, Bagika na Bagalu tumebanana, tukatazama juu. Mihayo alikinga kiganja chake katikati ya nyumba muda mrefu. Alipokirudisha kilikuwa kikavu.

"Mayu, mama yangu, nimeshindwa," alisema. "Mabati niyapeleke wapi?"

"Jenga choo. Hao wageni si malaika."

Kesho yake wageni walikuja, wakainama, mmoja hakuinama vya kutosha, na ikulu ikaandikwa kwenye orodha pamoja na jina la Klara kama mtunzaji.

Haya yote nimemsomea yeye mwenyewe hapa uani anabangua karanga, na mpaka sasa hajanipinga. Kwa hiyo nafika kwenye sehemu yangu. Alipokuwa kule kileleni, wapwa zangu, upepo ulivuma, ngazi ikateleza, na ni mimi niliyeparamia paa kama chui, nikamdaka shemeji kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili nikaendelea kufunga kile ki—

"Shemeji," amesema Klara, macho kwenye karanga. "Wewe ulikuwa chini ya mabati ya Mihayo, unajikinga mvua ambayo haijaanza."