Sahani Iliyomtoa Baba

Harufu ya bizari ikikaangwa na kitunguu hunitia hofu kabla haijanitia njaa. Hapa ugenini, Temple Hills, jirani yangu Mkenya hupika pilau madirisha wazi, na mimi, bibi mwenye wajukuu, hujikuta naenda kufunga ya kwangu. Nilikuwa msichana wa miaka tisa kwetu Unguja, enzi za makomredi walioshika nchi baada ya mapinduzi, mchele ukiwa wa mgao na foleni ikianza kabla ya alfajiri. Wakubwa walikuwa wametangaza kwamba njaa imekwisha. Sasa, kama imekwisha na matumbo bado yanaunguruma, lazima yupo anayeficha chakula: haini, kibaraka, adui wa wananchi. Hawakuweza kukiri kosa lao, basi ilibidi mkosaji atafutwe. Wasomi wa mji huu wamenieleza mengi kuhusu itikadi, na nimewasikiliza kwa adabu. Lakini mimi niliiona hofu ilivyoanzia kwa wakubwa wenyewe, waliokuwa wakiogopana, ikashuka ngazi kwa ngazi mpaka jikoni kwetu.

Idi ya mwaka ule baba, fundi cherahani, alipata mchele kidogo wa magendo. Mama alifunga milango, akaziba dirisha kwa magunia, akapika. Lakini pilau haifichiki, na kwetu jirani akishasikia harufu ni lazima apate chake. Kula peke yenu ni aibu isiyosemeka. Mama akafunika sahani, akaipitisha uani kwa jirani yetu Makame, tuliyemwita Ami kama aliyezaliwa tumbo moja na baba. "Mwanamke, utatumaliza," baba alimwambia. Mama akajibu, "Na nikimnyima, kesho nitamtazama kwa jicho gani?"

Ami Makame alikula akasafisha sahani. Ndipo akafikiri. Aliyekula bila kutoa taarifa alihesabiwa mshiriki. Wakubwa walivyopanga ndivyo hivyo, mtu asibaki na rafiki hata ukuta wa pili. Akaenda kwa makomredi kutusema kabla hajasemwa yeye. Kwamba aliogopa, nakubali. Lakini hofu haikumlazimisha kuhamia vyumba vyetu vya juu, wala kwenda msikitini na kanzu ya baba huku sisi tukimtazama. Roho mbaya ilikuwa yake mwenyewe. Makomredi waliipa kazi tu. Baba alichukuliwa mchana, futi yake ya kupimia ikiwa bado shingoni, na hakurudi. Hatukuambiwa amekufa, kwa hiyo mama hakukaa eda na hatukumsomea khitma. Mama aliishi miaka yake yote iliyobaki si mke, si mjane.

Mwaka huu nilimwona Makame arusini Woodbridge, mzee wa heshima, vijana wakipanga mstari kumbusu mkono. Nilimtajia jina la baba, kikombe kikamponyoka. Siku chache baadaye aliniita Oxon Hill, kwa bintiye Asya anayemuuguza, atake radhi, kama watu wetu wafanyavyo wakihisi safari imekaribia.

"Mwanangu Zuwena, nisamehe. Zilikuwa zama zile."

"Zama hazikula pilau yetu, Ami. Baba amezikwa wapi?"

Akageukia ukutani. Anajua. Mtu asiyejua angesema hajui.

Tangu hapo mimi huenda kwake kila Jumapili. Asya hufurahi kupata wa kukaa na mgonjwa. "Auntie, you're a blessing, wallahi. Acha ni-rush dukani, sita-delay," husema, na huko nje husimulia kwamba hajaona mwanamke mwenye huruma kama mimi. Mlango ukifungwa, navuta kiti karibu na kitanda na kuuliza tena swali langu, polepole, sina haraka. Siyo huruma, na sioni haya kusema kwamba naondoka pale nimeburudika. Zamani yeye alitamka neno moja, nyumba yetu nzima ikanyamaza. Sasa nauliza mimi, na yeye ndiye anayetega sikio asikie gari la bintiye likirudi. Hapa hakuna wa kunifunga mdomo. Akinionyesha kaburi, nitamsomea baba khitma na radhi yake ataipata. Akifa kimya, nitasimama msibani mbele ya Asya na waombolezaji wote, niulize kwa sauti kubwa, na maiti yake ikiwa bado haijatoka ndani.