Kigoda Kilichotoka Jasho

Kigoda kilikuwa kinatoka jasho.

Msinicheke. Ni kigoda cha mti mkavu, umri wake unakaribia miaka mia, kimekaa zake makumbusho na hakuna ruhusa ya kukigusa. Halafu Jumatatu asubuhi nakikuta kinang'aa kama paji la uso la mpishi!

Kazi yangu ni kutunza vitu vya kale visioze, visitobolewe na wadudu. Majini sikuyasomea mimi.

Jumatatu ya kwanza nikafuta, nikanyamaza. Ya pili nikanusa kitambaa.

Mafuta ya kula!

Ya tatu nikaona doa la kijani chini ya kikalio. Ukungu. Nikatoka mbio hadi kwa bosi.

Bosi wala hakuuliza mara mbili. "Ni yule mama wa usafi. Wiki ijayo aende zake."

Mama wa watu akipiga deki alikuwa anakikwepa hata kivuli cha kile kigoda. Na aliyemponza ni mimi na mdomo wangu.

"Bosi, nipe hadi Jumatatu."

Jumatatu wageni hawaingii. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikajibanza nyuma ya pazia, simu nimezima, chafya nimeibana puani.

Mlango ukafunguliwa. Viatu, ko, ko, ko.

Nikachungulia.

Mlinzi wetu! Yule mzee tunayemwita Usiguse, maana hilo ndilo neno lake toka asubuhi hadi jioni. Aliwahi kumfokea hata mgeni rasmi.

Huyo huyo Usiguse akapiga magoti, akatoa kichupa cha dawa ya kikohozi, akamimina mafuta kiganjani, akaanza kukipaka kigoda taratibu, kama anampaka mtoto aliyetoka kuoga.

"Mzee!"

Kichupa nusura kimponyoke. "Binti yangu, usipige kelele."

"Unakiua, mzee! Mafuta hayo yanachacha, yananasa vumbi, yanaotesha ukungu. Na kuna mtu anafukuzwa kwa ajili yako!"

Akainamisha kichwa. "La kufukuzwa mtu sikulijua. Mwezi jana niliona kimeanza ufa, nikashindwa kuvumilia. Bibi yangu alikuwa akikipaka kila wiki, na hakikuwahi kupasuka."

"Bibi yako?"

"Kigeuze."

Nikavaa glavu, nikakigeuza. Akanionyesha mguu mmoja, pale chini kabisa. Vijishimo vidogo vidogo.

Navijua vizuri. Mimi mwenyewe niliviandika kwenye faili: uharibifu wa panya.

"Panya huyo ni mimi," akasema. "Nilikuwa naota meno."

Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Halafu nikaona macho yake yamejaa maji. Kicheko kikanikauka.

Aliyekichonga ni babu yake. Mjomba mtu alikitoa nyumbani bila kuaga, kikapita mkono hadi mkono mpaka kikafika kwetu. Mzee akaja kuomba kazi ya ulinzi ili awe nacho karibu. Miaka kumi na tisa!

"Mbona hukusema?"

"Mlinzi akisema, nani anaandika?"

Tukaenda kwa bosi. Kabla sijafungua mdomo, mzee akajitaja mwenyewe. Mama wa usafi akabaki kazini. Mzee akalimwa barua ya onyo, kisha bosi alipopoa akamvutia kiti asimulie. Nikaandika mpaka wino ukaisha: jina la mchongaji, aina ya mti, kwa nini miguu mitatu. Kibao cha "mchongaji hajulikani" kikang'olewa siku hiyo hiyo.

Ukungu ulinichukua wiki mbili kuutoa kwa brashi laini. Sasa mzee ana glavu zake na brashi yake kavu. Mafuta, marufuku.

Ndugu zangu, kukipenda kitu hakutoshi, sharti ujue kinachokidhuru. Hilo nilimfundisha mzee.

Na yeye alinifundisha langu. Vyeti viwili nimetundika ukutani, nimeandika "hajulikani" kwa mkono wangu, na kila asubuhi nilipita mlangoni kwa anayejua, nikamwambia "shikamoo", nikaenda zangu.