Ofisi ya chuo Ujerumani ilimpigia baba yangu Muleba, akawajibu "Mutalemwa hana mtoto"

Wakuu, habari za saa hizi.

Niseme mapema, hii siyo chai. Ningekuwa natunga ningejitungia ushujaa, lakini humu mtaniona nimetetemeka mwanzo mwisho.

Najua pia kuna watu wakiona Bukoba na Ujerumani kwenye uzi mmoja wanakimbilia kuandika "nshomile ameanza", yaani Mhaya ameanza kujisifia usomi. Andikeni tu, tumezoea.

Sasa tuendelee.

Nilikuwa mwaka wa tatu kwenye chuo kimoja pale Bukoba mjini. Chuo chetu kina ushirikiano na chuo fulani cha Ujerumani, wanachukua wanafunzi wachache kwenda kusoma semester moja kule, halafu unarudi kumalizia kwenu. Exchange student, ndiyo wanavyoita. Nauli, chumba, bima, vyote juu yao. Mwaka huo kwenye kozi yetu nafasi ilikuwa moja tu.

Nikaipata mimi.

Mimi mtoto wa Buganguzi, wilaya ya Muleba, niliyekulia kwenye kibanja cha migomba na kahawa. Mama aliposikia alipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa. Baba alichukua panga akaenda kusafisha migomba, na yule mzee akifurahi ndivyo anavyofurahi.

Ikabaki hatua moja, barua ya mwisho ya kukubaliwa. Bila hiyo viza huombi. Na kabla ya kuitoa, ofisi ya kule ina utaratibu wa kumpigia ndugu mmoja wa mwanafunzi, wahakikishe anajua kwamba unaondoka na kwamba anapatikana likitokea la kutokea.

Kwenye mfumo wao waliuliza vitu viwili tu: huyo mtu ni nani kwako, na namba yake ya simu. Nikajaza "father" na namba ya baba. Nikaenda kula samaki zangu pale ufukweni nikiwa na amani kabisa.

Jumatano ikaingia email.

Ilitoka kwa mama anayeshughulikia wanafunzi kutoka Afrika, nitamwita Frau Heike. Nawapa kwa kifupi. Alisema amepiga namba niliyoitoa, na aliyepokea amemwambia waziwazi kwamba Bwana Mutalemwa hana mtoto, kisha akakata. Kwa hiyo wanasimamisha nafasi yangu. Kama nina maelezo, tuonane kwa video call Ijumaa asubuhi, na mzazi wangu awepo. Nisipotokea, nafasi inakwenda kwa anayefuata.

Mutalemwa ndiyo mimi, wakuu. Ndilo jina langu, ila kwa hofu macho yangu yaliishia kwenye "hana mtoto".

Nilisoma ile email nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Baba yangu mzazi amenikana mbele ya Wazungu? Kwa kosa gani?

Nikampigia. Hapokei. Nikapiga tena na tena, hapokei. Jioni simu ikapokelewa na mama.

"Maawe, baba yuko wapi?"

"Mutalemwa, njoo nyumbani."

"Kuna nini?"

"Njoo. Tumeyasikia."

Akakata.

Mwenye mama wa Kihaya ananielewa. "Tumeyasikia" ni neno ambalo ukilisikia unaanza kupekua maisha yako yote unatafuta ni lipi hilo walilolisikia.

Alhamisi asubuhi nikapanda basi la kwenda Muleba. Njia nzima nawaza nani kanichongea. Nikamfikiria mwanafunzi mwenzangu aliyekuwa anafuata kwenye hiyo nafasi, nikamhukumu kabisa kichwani, maskini wa watu hana habari. Muleba nikashuka, nikachukua bodaboda mpaka Buganguzi, mvua inanyesha, nikafika nimelowa chapachapa.

Nikakuta kikao.

Baba kwenye kiti chake. Mama chini kwenye mkeka. Na shangazi yangu, dada yake baba, amevaa kitenge cha kwendea misibani. Nikajua mambo ni mazito, maana shangazi anaishi mbali na hapendi kutoka na mvua.

Nikasalimia. Waliitikia kama wanaitikia mtu wa kukusanya kodi.

Kwetu mtu akiketi tu anapewa kahawa za kutafuna. Kisahani kilikuwa pale. Baba akachukua, akampa shangazi, shangazi akampa mama, mama akakirudisha kwa baba. Mimi kikanipita. Wakuu, mnaweza kuona ni kitu kidogo. Kwangu lilikuwa kofi.

Walikuwa wanaongea Kihaya, nawaletea kwa Kiswahili.

Shangazi ndiye aliyefungua. "Ni wa kiume au wa kike?"

"Nani, shangazi?"

"Mtoto."

"Mtoto gani?"

"Usitufanye wajinga! Mtoto wako na yule Mzungu!"

Nikamwangalia mama. Mama analia kimyakimya, anajifuta na ncha ya khanga. "Waitu, mwanangu, si ungetuonyesha hata picha yake," akasema.

Nilitaka kucheka, nikatazama uso wa baba, kicheko kikafa.

"Kumbe Ujerumani siyo shule," baba akasema. "Kumbe umetudanganya. Unafuata mwanamke."

"Tata, mwanamke yupi?"

"Aliyenipigia! Anaongea Kiswahili kama cha redioni. Ananiuliza, Bwana Mutalemwa yupo? Nikasema hayupo. Akasema anapiga kutoka Ujerumani, anataka kujua habari za mtoto wa Bwana Mutalemwa, kwamba safari yake iko karibu. Nikamwambia Mutalemwa hana mtoto. Akaniuliza kama nina uhakika. Mimi! Mwanangu mwenyewe niulizwe kama nina uhakika! Nikamwambia hajaoa, hana mtoto, na asipige tena hapa. Halafu nimekaa nimefikiri. Mtu hawezi kupiga simu kutoka Ulaya kwa jambo ambalo halipo."

Hapo ndipo akili ikanifunguka.

Kwa wasio Wahaya niwaeleze. Kwetu kila mtoto anapewa jina lake. Baba yangu ni Rwegoshora. Mdogo wangu wa kike ni Kokushubila. Mimi ni Mutalemwa. Tumbo moja, nyumba moja, na kila mtu na lake, na hakuna anayeshangaa. Frau Heike aliona naitwa Mutalemwa, akadhani baba yangu naye ni Bwana Mutalemwa. Akapiga kumtafuta baba, kumbe kwa maneno yake anamuulizia mjukuu wa baba.

Nikamwambia, "Tata, kwao mtoto anabeba jina la baba yake. Alikuwa anakutafuta wewe. Huyo mtoto ni mimi."

"Kwa hiyo kwao mimi ni Mutalemwa?"

"Ndiyo."

"Na babu yako?"

"Naye Mutalemwa."

"Na Kokushubila?"

"Mutalemwa."

"Sasa mama yako akiita Mutalemwa njoo ule, watakuja wangapi?"

Shangazi akaangua kicheko, mama naye akacheka huku machozi hayajakauka. Mimi nikashusha pumzi nikidhani yameisha.

Baba hakucheka. Nikamweleza miadi ya kesho, nikamwonyesha ile email kwenye simu, akaisukuma pembeni. "Hiyo ni simu yako, utasoma unachotaka. Kesho nitamsikia mwenyewe. Na nikimuuliza habari za mtoto akababaika, hapa nyumbani usikanyage tena."

Mnaona nilivyobanwa? Huku Mjerumani anataka kujua kama baba ni baba kweli. Huku baba anataka kujua kama Mjerumani ni mkwe. Na kikao chenyewe ni kimoja, na mimi ndiye nakiandaa. Sikuwa na hamu hata ya kula ndizi za mama, na wanaonijua wanajua hilo ni jambo la kutisha.

Ijumaa tukatoka mapema, mimi na baba, kwenda Muleba mjini, maana nyumbani mtandao hauwezi kubeba picha. Baba amevaa koti lake la kanisani na kofia.

Tukaingia stationery moja karibu na stendi. Nimewasha tu laptop ya pale dukani, umeme ukakatika.

Mwenye duka akasema tulia kijana, laptop ina chaji kidogo, washa data ya simu yako. Nikaunganisha, kidude kikazunguka, kikazunguka, baba amekaa wima kama anapigwa picha ya kitambulisho.

Frau Heike akatokea. Mama mtu mzima, nywele nyeupe.

"Shikamoo, baba," akasema.

"Marahaba. Kabla hujauliza, mimi nina swali."

"Karibu."

"Wewe una mtoto na huyu kijana wangu?"

Wakuu. Nilitamani sakafu ya ile stationery ipasuke niingie.

Na picha ikaganda! Frau Heike mdomo wazi, hasogei. Sijui ni mtandao, sijui ni mshtuko. Baba akanigeukia taratibu na jicho linalosema "unaona, amebabaika". Naminya vitufe jasho linanitoka, mwenye duka naye ameacha kazi anatuangalia.

Sauti ikatangulia kurudi. Ilikuwa kicheko.

"Baba, mimi nina wajukuu wanne! Kijana wako namfahamu kwenye picha tu."

Baba akamtazama, akanitazama mimi, akavua kofia akaiweka kwenye magoti.

"Basi uliza."

Nikamtajia jina la baba, kwamba ni Rwegoshora na si Mutalemwa, Frau Heike akawa serious. Akasema lazima aandike maelezo kwa wakubwa wake, kwa sababu mtoto na baba hawana jina la pamoja na simu ya kwanza ilikwenda vibaya. "Nisaidie kuelewa. Kwa nini hukumpa mwanao jina lako?"

Baba akanyamaza mpaka nikadhani picha imeganda tena. Chaji inaisha, alama nyekundu naiona. Nikataka kujibu mimi, kwamba ni mila tu, baba akainua mkono kunizuia.

"Kabla ya huyu tulizika wawili," akasema. "Wachanga. Huyu alipozaliwa, mimi na mama yake tuliogopa hata kumpa jina. Tukasema tusubiri kwanza tuone kama atakaa. Baba yangu akaja, akampakata, akatuambia, mutalemwa. Kwa Kihaya maana yake msishindwe. Alikuwa anatuambia sisi wawili, hakuwa anamwambia mtoto. Tukamwita hivyohivyo, ili kila tukimwita tujisikie tunaambiwa. Sasa mama, ningempaje jina langu? Jina langu wakati ule lilikuwa la mtu aliyeshindwa."

Sikuwahi kuambiwa hivyo. Hata siku moja.

Na mimi miaka yote nilikuwa natamba na hilo jina, shuleni, chuoni, kwamba mimi ndiye nisiyeshindwa. Kihaya nimekiongea tangu naanza kuongea, na "msishindwe" ni neno la kuambia watu zaidi ya mmoja, iko wazi kabisa, na sikuwahi kuisikia. Nilikuwa nabeba maneno waliyoambiwa wazazi wangu nikidhani ni sifa yangu.

Nililia pale dukani. Anayetaka kucheka acheke.

Frau Heike akasema, "Asante sana, Mzee Rwegoshora. Nimeelewa."

Baba akaitikia kwa kichwa. Laptop ikazima.

Tulitoka nje, baba akaingiza mkono mfukoni mwa koti, akatoa kahawa za kutafuna zilizofungwa kwenye kipande cha jani la mgomba. Akanipa, akaangalia pembeni. "Kula, jana ulikosa."

Barua ilikuja wiki iliyofuata. Nilikwenda, nikasoma, baridi ikanitesa, nikafaulu, nimerudi. Kule mlangoni unaandika jina la ukoo kwenye kengele, na mimi niliandika Mutalemwa. Nikipita naona nimeambiwa kitu na babu. Mambo ya masomo yenyewe, wenye maswali ya viza, chumba na lugha mniulize hapa chini, nitajibu ninayoyajua.

Nilichojifunza: kama mnaomba nafasi za nje, andikeni jina kamili la mzazi hata kama hamjaulizwa, na mwambieni mapema kwamba atapigiwa simu na watu wa ajabu. Wazungu hawana shida, ila hawatajua usichowaambia. Na jina lako kamuulize aliyekupa, akiwa bado yupo wa kuulizwa.

Haya, Wahaya wenzangu na makabila mengine ambayo mtoto habebi jina la baba, mlipita vipi kwenye hizi ofisi? Tupeni uzoefu. Wa nshomile nanyi karibuni, kahawa ipo.

Siku hizi baba akiona namba asiyoijua anapokea haraka, na kabla hujasema neno anakuambia: "Rwegoshora hapa. Mutalemwa ni wangu."

Hata matapeli anawaambia.