Siku Tano za Shangazi Yulian

Ukipigwa ukaachwa kilema, kesi ile ni ya nani? Usijibu haraka kwamba ni yako. Hata mimi niliamini hivyo, miaka minne nzima ya chuo cha sheria, mpaka niliporudi kijijini kwetu Gansu na kuyaona yaliyompata shangazi yangu, Pu Yulian.

Shangazi alikuwa fundi wa mifarishi. Alikuwa akijifunga mgongoni upinde wa mti uliompita kimo, akaupiga uzi wake kwa nyundo ya mti, na pamba iliyoganda miaka kumi ikafumuka kama povu. Mabibi harusi wa vijiji vitatu wamelala chini ya pamba yake. Mwaka jana jirani yake, Ge Dehai, alimpiga kwa sepeto wakigombea zamu ya maji ya mfereji. Kifundo cha mkono wa kulia kilisagika. Leo vidole vile havishiki hata vijiti vya kulia chakula.

Mahakama ilimtia Ge hatiani: miaka miwili, lakini kifungo cha nje. Akaendelea kuishi palepale, ukuta mmoja na shangazi, na usiku shangazi anamsikia akikohoa. Shangazi alitaka jambo moja tu, mtu yule asiwe nyuma ya ukuta wake.

Sasa sikia sheria yetu. Ge aliyepiga ana haki ya kukata rufaa. Shangazi aliyepigwa hana. Anachoruhusiwa ni kuiomba ofisi ya mashtaka imkatie yeye, tena aombe ndani ya siku tano tangu kupokea hukumu. Nilimweleza hayo kwa simu, nikiwa mjini natafuta kazi, na nilijisikia msomi kwelikweli.

Nilifika kwake Jumatano, nikapitia uani. Nilimkuta jikoni, amechangamka ajabu.

"Karani wa mahakama alikuja Alhamisi," alisema, akinisogezea bakuli la tambi. "Kanitolea karatasi niweke dole gumba. Nikamwambia, mwanangu, mkono wangu umekufa, dole nitalitoa wapi?"

"Ukakataa?"

"Si wewe uliniambia siku tano zinaanza nikipokea? Basi sijapokea! Nilikuwa nakungoja wewe, msomi wangu, uje uandike vizuri bila haraka."

"Karatasi iko wapi, shangazi?"

"Kaibandika mlangoni. Kapiga na picha, mwenyekiti wa kijiji kasimama pembeni kajinyoosha kama yuko harusini. Tangu siku ile napitia mlango wa banda la kuku. Sijaigusa wala sijaitazama."

Akacheka. Mimi niliweka vijiti chini.

Kukataa hakuzuii kitu. Hukumu ikiachwa nyumbani kwako, ikapigwa picha na shahidi akiwepo, umeshapokea. Siku tano za shangazi ziliisha jana yake, Jumanne, ofisi zilipofungwa. Nilikuwa nimempa nusu ya sheria, ile nusu niliyoipenda.

Nilipomwambia, aliuliza, "Kwa hiyo nimenusa mavi ya kuku siku sita bure?"

"Nisamehe, shangazi."

"Kula. Tambi zinapoa."

Ofisi ya mashtaka yenyewe ilikuwa bado na muda. Wao wana siku kumi, na wanaweza kukata rufaa kwa uamuzi wao wenyewe. Nikapiga simu, shangazi akasogeza kigoda asikie. Alipokea mwanamke aliyeishughulikia kesi, sauti yake ya upole.

"Kijana, kile kifungo cha nje tulikipendekeza sisi. Mshtakiwa alikiri mapema, mahakama ikakubali pendekezo letu. Sasa tukate rufaa kupinga maneno yetu wenyewe?"

"Na shangazi angeleta ombi jana, ndani ya muda?"

"Tungelipokea. Tungemjibu ndani ya siku tano."

"Mngemjibu nini?"

"Hilohilo ninalokujibu wewe."

Nilipokata simu, shangazi alisema, "Ana adabu, yule bibi. Hata hakutupigia kelele."

Nilitamani angetupigia kelele! Chuoni walitufundisha kwamba aliyeumizwa akipewa rufaa ataitumia kulipa kisasi, na kwamba mahakama zitafurika. Niliyaandika hayo kwenye mtihani nikapata alama nzuri. Leo nayafuta. Mlango pekee aliopewa shangazi unashikwa na mtu yuleyule aliyependekeza adhabu anayoipinga. Mpeni rufaa yake mwenyewe. Mahakama ya juu ikitaka kumkatalia, imkatalie baada ya kumsikia akisema. Nani ameumia zaidi yake katika kesi hii? Serikali? Serikali inashika vijiti vyake vizuri tu.

Jioni nzima niliandika barua kwa mkuu wa ofisi ya mashtaka. Shangazi aliniangalia kidogo, akaenda kulala.

Kesho yake asubuhi nilikuwa uani napiga mswaki, lango likiwa wazi. Shangazi alikuwa akirudi kwa kichochoro cha mbele ya lango, ndoo ya maji mkono wa kushoto. Ge Dehai akatokea kwake, chupa ya chai kwapani. Kichochoro kile hakitoshi watu wawili. Ge akasimama, akamsalimia kama tunavyosalimiana sote hapa:

"Umekula, dada?"

Shangazi aliitua ndoo. Akabana mgongo ukutani, akavuta tumbo ndani ili Ge apite.

"Nimekula," alijibu.