Mstari Mwekundu wa Mama Bukuru

Kwetu Burundi mapacha hawatafutiwi majina. Anayetangulia kuzaliwa ni Bukuru, anayemfuata ni Butoyi, na mama yao tangu siku hiyo huitwa Mama Bukuru. Ndivyo alivyoitwa Donatienne, mwalimu wa darasa la tatu huko Giteranyi, mkoani Muyinga, na ndivyo tulivyoendelea kumwita hata baada ya Bukuru kufariki. Mtoto huyo alikufa kwa kuhara damu mwaka 1998, akiwa na miaka minane, katika majuma yale ambayo vita vilitutoa majumbani tukalala kambini.

Mimi nilifundisha darasa la jirani. Mapacha hao walisoma kwa mama yao mwenyewe, na nilimwona aliporudi kazini baada ya mazishi. Alifungua rejista, akaweka rula, akapiga mstari mwekundu juu ya jina la Bukuru kama kanuni inavyodai, akaandika tarehe. Kisha akaita majina ya waliobaki.

Miezi miwili baadaye mguu wa Butoyi ulivimba ukatoa usaha. Daktari wa Muyinga alisema mfupa umeoza, mtoto apasuliwe Gitega upesi, la sivyo mguu utakatwa. Donatienne aliiomba bima yetu ya watumishi barua ya kugharimia upasuaji. Jibu lilikuwa mistari miwili: maombi yamekataliwa, Butoyi alikwisha fariki.

Karani aliyepokea taarifa ya msiba alikuwa amefuta jina la pacha aliye hai. Donatienne aliandika rufaa, akaandika nyingine, hakujibiwa. Nasema bila kuficha: ofisi inayokumbuka mshahara wa mwalimu kila mwezi lakini haikumbuki mtoto wake yupi yuko kaburini haistahili heshima tunayoipa tunaposimama mbele ya dirisha lake kofia mkononi.

Tukaenda Gitega wenyewe, ilipo ofisi ya bima, katika msafara uliolindwa na askari: Donatienne, Butoyi mgongoni mwa baba yake Mushagalusa, mfanyabiashara kutoka Bukavu, na mimi. Mkuu wa shule alikataa rejista, ushahidi wetu, isafiri bila walimu wawili. Tulifika Jumatano. Kamati ya rufaa ilikaa Alhamisi tu, na daktari mpasuaji, mgeni, angeondoka Ijumaa jioni.

Karani Houssein, yule yule aliyefuta jina, alisikiliza, akafungua kitabu chake, akacheka kwa upole.

"Madamu, kwangu Bukuru iko mzima. Andika huyu ni Bukuru, mi napiga muhuri sasa hivi. Kesho anapasuliwa. Nani atauliza?"

Mushagalusa alimshika mkewe mkono. "Mama Bukuru, saini. Jina halitembei, ni mguu unatembea!"

"Na akiitwa, ataitika jina la nani?"

"La dada yake! Dada yake atakasirika? We unafundisha hata hapa? Hapa si darasani!"

"Bukuru nilimzika mimi," alisema Donatienne. "Simfufui kwa wino ili kumfichia Houssein makosa yake. Na huyu simuui."

"Kamati ikikataa kesho?" Mushagalusa aliuliza.

Donatienne alimtazama mtoto. Butoyi ndiye aliyesema, "Papa, mi ni Butoyi." Donatienne akairudisha karatasi chini ya dirisha bila saini.

Nakiri kwamba usiku ule nilimlaumu moyoni.

Asubuhi, mwenyekiti wa kamati, mama wa makamo mwenye miwani, alimtazama mtoto kwa muda mrefu. "Mwalimu, mapacha wanafanana. Nitajuaje huyu ni yupi?"

Donatienne aliifungua rejista mbele yake. "Soma, Madamu. Tarehe kumi na nne Machi, Bukuru. Mstari huo ni wa mkono wangu. Mstari wa chini yake ni Butoyi: yupo, yupo, yupo, mpaka mguu ulipomlaza. Mimi ni mama yao. Unadhani ningekosea ni nani wa kumpigia mstari?"

Mwenyekiti alifuatisha mistari kwa kidole, akavua miwani.

"Houssein, leta kitabu chako. Mrudishe Butoyi." Karani aliandika, shingo imeinama. "Na sasa Bukuru afutwe," alisema mwenyekiti.

Houssein aliinua kalamu. Donatienne alinyoosha mkono.

"Nipe. Na rula pia."

Akapiga mstari wa pili juu ya jina la mwanawe, umenyooka kama ule wa kwanza, akaandika tarehe ya kifo. Mushagalusa aligeukia ukuta. Muhuri uligongwa saa nne na robo, na mimi, niliyemlaumu, nilitoka nje ya ofisi ile nikitembea kama mtu mrefu zaidi.

Ijumaa asubuhi, mlangoni pa chumba cha upasuaji, muuguzi alisoma karatasi: "Butoyi?"

Kutoka kitandani, kwa sauti ileile ya darasa la tatu, mtoto aliitika:

"Niko, Madamu!"

Muhula uliofuata aliingia darasani kwa miguu yake miwili, akichechemea kidogo. Mama yake aliita jina lake, akaweka alama ya yupo.